Shahidi Aliyefungwa Dirishani

Juzi nilimsaidia jirani yangu kufungua sanduku la nguo za marehemu mume wake. Mfuniko ulipoinuka tu, harufu ya naftalini ikanipiga puani, harufu kali na baridi inayokaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Jirani yangu alilia, na ilikuwa haki yake. Mimi niligeuza uso, naye akanishika akidhani nashiriki msiba wake. Sikumwambia kwamba nilikuwa namuwaza mdudu mmoja, asiyezidi punje ya haragwe, na mtu mmoja aliyemwacha aliwe kwa sababu harufu kama hiyo ilimuumiza kichwa.

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado nikikumbuka habari hiyo nakasirika kama imetokea leo asubuhi.

Mama alikuwa mwalimu wa biolojia katika lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, hapa Bunia. Tuliishi mtaa wa Rwambuzi, katika nyumba ya kupanga. Papa alikuwa fundi wa moto, ndivyo tunavyoziita pikipiki. Asubuhi mpaka jioni pikipiki zilisimama mlangoni kwetu zikiwa zimefumuliwa, na udongo wa pale ulikuwa mweusi kwa oili. Upande wa mbele ulikuwa wa Papa. Upande wa dirisha la chumbani ulikuwa wa Mama, meza moja ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka sahani juu yake.

Mliosoma shule za kwetu mnajua maabara zilivyokuwa: chumba chenye kufuli na ndani yake mikroskopi moja iliyofunikwa kitambaa, ambayo wanafunzi waliiona siku ya ukaguzi tu. Mama alimwomba prefe, mkuu wa shule, mpaka akakubaliwa kuichukua kila Jumamosi. Alirudi nayo kwa moto, imefungwa kitenge, ameipakata kama mtoto mchanga, na dereva alipopita kwenye mashimo alimwambia, "Polepole, papa, huyu hajazoea barabara."

Mdudu mwenyewe, mbawakawa, Mama alimpata kijijini Marabo, kwa mdogo wake, Mama mudogo Esta, aliyekuwa analima mihogo huko. Nyuma ya shamba kulikuwa na kipande cha pori kilichofuata kijito. Mama alienda kumsaidia dada yake kukusanya kuni, akaona kwenye tawi lililoanguka mdudu mwenye pembe ndefu kuliko mwili wake, mweusi, na mgongoni mistari miwili ya manjano iliyokatika katikati. Alirudi naye Bunia akiwa hai ndani ya chupa, akampa kipande cha ndizi mbivu, na kwa siku kadhaa alikuwa anamtazama tu.

Halafu kazi ikaanza. Mimi ndiye nilikaa miguuni pa meza ile. Mama aliinama kwenye mikroskopi na kuniuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Nyeusi ya namna gani?"

"Nyeusi tu, Mama."

"Hakuna nyeusi tu. Angalia vizuri."

Nilimwangalia. "Kama chini ya sufuria. Hapana. Kama oili ya Papa ikipigwa na jua, inaonekana bluu kidogo."

"Sasa umesema kitu," alijibu, akaandika.

Alipima pembe, akahesabu vipande vyake, akachora vishimo vidogo vya mgongoni vilivyopangwa kama tundu za sindano. Alilinganisha na picha katika fotokopi nene alizokuja nazo kutoka Kisangani alikosomea. Aliniambia kila mdudu ana jamii yake kubwa, ndani ya jamii kuna koo, na ndani ya ukoo kuna aina, na kwamba kumjua mdudu ni kushuka ngazi hizo moja moja mpaka ufike kwenye mlango wake.

Nikauliza, "Basi huyu iko wa kabila gani?"

Nje, spana ya Papa ilinyamaza. Katika mji wetu swali hilo lilikuwa limeua watu, na hata mtoto alijua kulisikia bila kulisema. Mama aliinua kichwa kwa mara ya kwanza mchana ule.

"Wadudu tunauliza, juu tuwajue," alisema. "Watu, usiwaulize. Umesikia?"

Nilisikia. Spana ikaanza tena.

Jioni moja alimwambia Papa, kwa sauti ya mtu anayeogopa kufurahi mapema, kwamba yule mdudu ni mpya. Profesa wake wa zamani huko Kisangani alikuwa ameona picha kwenye simu, akalinganisha na mikusanyo yao yote ya wadudu, na hakuna mwenye kufanana naye. Mimi nilielewa kwamba Mungu amemaliza kumuumba juzi juzi. Nilinyata mezani nikamgusa mgongoni kwa ncha ya kidole kuona kama rangi imekauka. Mama alinivuta mkono, na badala ya kunichapa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wakati huo mdudu alikuwa amekwisha kufa, yuko juu ya pini ndefu, ndani ya sanduku dogo la mbao ambalo chini yake Mama alitandika sponji ya godoro. Pembeni kulikuwa na naftalini ndani ya kitambaa. "Huyu mumoja ni shahidi," alinieleza. "Kila mutu duniani akisema amemuona mwenzake, watamuleta mbele ya huyu, walinganishe. Bila yeye, maneno yangu ni maneno tu." Nilijua shahidi ni nani. Nilikuwa nimewaona watu wakienda mahakamani wamevaa suti. Nikawa namheshimu sana.

Shahidi alitakiwa kwenda Kisangani, kukaa katika mkusanyo ambao watu wanautunza. Lakini kitu cha namna hiyo hakitoki katika jimbo bila karatasi yenye mhuri kutoka biro fulani ya serikali inayolinda misitu, ambayo sitaitaja. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu akampeleka mwenyewe. Alirudi mikono mitupu.

Mkurugenzi wa biro ile alikuwa amefurahi kupita kiasi. Mdudu mpya, tena wa kwetu! Alimpa Mama kiti, akamwagizia soda. Kisha akamuuliza ataitwaje, na Mama akasema bado anafikiri. Mkurugenzi akamwambia hakuna haja ya kufikiri. Kulikuwa na mtu mkubwa mmoja, ambaye wote tulimjua na ambaye picha yake ilitundikwa pale ukutani. Mdudu angeitwa kwa jina la mtu huyo, kungekuwa na sherehe, redio ingekuja, na karatasi ingepigwa mhuri siku hiyohiyo.

"Nilimuambia hapana," Mama alimweleza Papa.

Papa alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye petroli. "Lakini ni jina tu."

"Wewe unajua magari ya nani yanapakia mbao kule Marabo."

Papa alikunja kile kitambaa. Kila mtu alijua.

"Ile pori ndiyo nyumba ya yule mududu. Siwezi kumuita kwa jina la mutu anayekula nyumba yake."

"Na mududu mwenyewe iko wapi?"

"Wamemuzuia. Shefu wao amesema atabaki biro mpaka nitakapokuwa na akili. Wamefunga shahidi wangu."

Nataka niseme hapa jambo ambalo Mama hakulisema, kwa sababu yeye alikuwa na adabu kuliko mimi. Yule mkurugenzi hakutaka pesa. Watu wakisikia habari hii wanadhani alitaka kitu kidogo, wanatikisa kichwa, wanasema ndiyo nchi yetu. Hapana. Alitaka kumpendeza mkubwa wake kwa kitu ambacho hakukitafuta, hakukichora, hakuinamia meza kwa ajili yake Jumamosi hata moja. Alitaka kutoa zawadi ya mtu mwingine. Kwangu mimi mwizi wa mfukoni ana heshima kuliko huyo.

Lakini wakati ule nilichosikia mimi ni neno moja: wamemfunga. Na kufungwa nilikujua. Kijana wa jirani yetu alikuwa gerezani, na kila mchana mama yake alipita mbele ya nyumba na bakuli la ugali na sombe, majani ya muhogo, limefungwa kitambaa, kwa sababu kule usipopelekewa chakula na watu wako, unalala njaa. Nikaona kwamba kwetu hakuna aliyempelekea chakula mfungwa wetu. Siku zilipita. Basi siku moja baada ya shule, bila kuwaza kwamba amekwisha kufa, nikachukua ndizi mbivu, nikaenda biro.

Sentinele, mlinzi wa pale, alinizuia mlangoni. "Unatafuta nani, mama?"

"Nimeletea mufungwa chakula."

"Hapa si gereza."

"Yuko ndani ya sanduku. Ni wa Mama yangu."

Alicheka, akaita sekretere, mama mmoja mnene mwenye wigi, aliyetoka akasikiliza, akanishika mkono. "Kumbe weye ni mutoto ya Madamu wa lise," alisema. "Njoo umuone, lakini shefu asikukute." Ndizi ilibaki kwa sentinele. Akaniambia atampa baadaye, na nikamwamini.

Sanduku lilikuwa dirishani, juani, juu ya rundo la mafaili. Mfuniko haukufungwa sawasawa. Nilisimama kwa vidole vya miguu. Kutoka kwenye pembe ya dirisha ulitoka mstari mwembamba wa sisimizi, ukapita juu ya mafaili, ukaingia chini ya mfuniko, na mstari mwingine ulitoka. Wengine walikuwa wamebeba vitu vidogo. Nilifurahi. Niliona kwamba mfungwa ana ndugu zake wanaomtembelea, tena wengi, na kwamba hakuwa na haja ya ndizi yangu.

Mama alikuwa anachambua mchele niliporudi. Nilimwambia asihuzunike, shahidi ana wageni.

"Wageni gani?"

"Sisimizi. Wanaingia na kutoka. Mumoja alikuwa amebeba kama uzi."

Mama aliweka ungo chini. Mchele ulimwagika upande mmoja, hakuuokota.

Tulifika biro mkurugenzi akiwa anajiandaa kutoka, koti mkononi. Mama hakusalimu, na hilo lilinishtua kuliko yote yaliyofuata. Sijawahi kumuona tena akiingia mahali bila kusalimu. Alikwenda moja kwa moja dirishani akafungua sanduku. Pini ilikuwa imesimama na karatasi yake ndogo yenye mwandiko wake. Chini, juu ya sponji, kulikuwa na vipande vya gamba, mguu mmoja, na vumbi linalotembea.

"Naftalini yangu iko wapi?" aliuliza.

"Niliitupa, Madamu. Ilikuwa inaninukia, inaniumiza kichwa. Mimi ninafanya kazi humu."

"Ile ndiyo ilikuwa inamulinda."

"Sasa ningejuaje?"

"Nilikuambia. Tulikuwa tunakunywa soda, nikakuambia usiiondoe."

Mkurugenzi alitazama saa. "Madamu, uko mwalimu, mutu wa heshima. Unanipigia makelele mbele ya mutoto, sababu ya mududu?"

Mama hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anaongea polepole, kama anavyoongea na mwanafunzi asiyesikia vizuri.

"Ni mududu tu," mkurugenzi aliendelea. "Utapata ingine. Pori haiishi."

Neno hilo, pori haiishi, nimelibeba mpaka leo. Alilisema mtu aliyewekwa pale kulinda pori hilo.

Mama alifuta sponji taratibu kwa kucha. Alichukua sisimizi kadhaa, akawatia kwenye kichupa alichokuwa nacho siku zote mkobani, akafunga. Nilidhani amewakamata kwa kosa lao na nikaona ni haki. Kisha akasema, "Kwaheri, Shefu," tukatoka.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kuchukua mikroskopi. Tulipanda moto kwenda Marabo. Mama mudogo Esta alitupokea njiani, na kabla hatujakaa alimwambia dada yake mkubwa, "Yaya, usiende kule nyuma kwanza." Mama alienda. Mimi nilimfuata.

Pori halikuwepo. Nilikuwa nimecheza mahali pale. Nilijua ubaridi wake na giza lake la mchana. Sasa jua lilipiga mpaka kwenye maji ya kijito, ambayo yalikuwa mekundu kwa udongo. Magogo yalilala kando ya njia ya magari, yamepangwa, yana alama za rangi vichwani. Unga wa msumeno ulijaa kila mahali, unanuka utamu kama mkate. Wanaume watatu walikuwa wamekaa juu ya gogo wakisubiri gari, na kiongozi wao alisimama alipomuona Mama ameinama akibandua ganda.

"Madamu, hii miti iko na mwenyewe."

"Ninajua mwenyewe," Mama alijibu. Alimuonyesha chini ya ganda: funza mweupe, mnene, ndani ya njia aliyojichimbia. "Unaona? Hawa wanatoboa mbao yenu. Gari likifika, nusu itakuwa vumbi."

Yule mtu alishtuka. "Basi uwatoe."

"Ndiyo ninakuja kuwatoa."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyopewa ruhusa. Alichagua magogo yenye ganda kama lile la tawi la kwanza, akabandua mchana kutwa, na yale matawi ambayo hakuna aliyeyataka akayakata vipande na kuyafunga kwa kamba pamoja na Mama mudogo. Mikono yao ilitoka damu. Dada yake hakuuliza ni ya nini. Alisema tu, mara moja, akiwa amempa mgongo, "Walisema wanakata kidogo tu."

Tuliporudi Rwambuzi na mzigo wa vijiti juu ya moto, majirani waliona Madamu wa lise ameanza kubeba kuni, wakamhurumia Papa. Papa aliangalia vijiti, akaangalia mikono ya mke wake. Hakusema tena kwamba ni jina tu. Alichukua beseni kuukuu, akaunga fremu ya waya wa breki, akashonea chandarua juu yake. Kazi ile ilimchukua muda kuliko pikipiki yoyote, na wateja walipolalamika aliwaambia wangoje.

Tulisubiri funza waliobaki ndani ya vijiti wageuke mbawakawa. Mvua ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Makaa yalipopanda bei, shangazi yangu alipotutembelea alivitazama vile vijiti vikavu kwa tamaa, na Mama akahamisha beseni chumbani kwao. Walitoka wadudu wengine: nyigu wadogo, mbawakawa wa kahawia ambao Mama alisema wanajulikana tangu zamani. Kila asubuhi alifungua chandarua kabla ya kunawa uso. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu.

Alitoka Jumapili, tukiwa tumevaa kwenda kanisani. Mimi ndiye nilisikia mkwaruzo. Kwenye kijiti kimoja kulikuwa na tundu la mviringo, na ndani ya tundu uso, kisha pembe moja, ndefu, ikivutwa taratibu kama mtu anayetoa mkono kwenye shati la kubana. Mama alikaa chini sakafuni na nguo zake za kanisani. Mistari ya manjano ilitoka, imekatika katikati. Papa alivua kofia. Siku chache baadaye akatoka jike, na wengine.

Nilidhani tutawaachia. Nilipoona Mama ameandaa chupa ya dawa ya kuulia wadudu, nililia kwa hasira ambayo naikumbuka vizuri.

"Wamefanya nini?"

Mama aliacha alichokuwa anafanya. "Hawajafanya kitu."

"Basi kwa nini?"

"Wengine nitawarudisha kwa mama yako mudogo, kuna miti kidogo kando ya kijito upande wa juu. Lakini hawa wawili wabaki. Wenzao hawana namna ingine ya kusema kwamba walikuwa hapa."

Sikuridhika. Nilikaa siku nzima bila kuongea naye. Leo naelewa sababu zake, na hasira imehama kutoka kwake kwenda kwa wale waliofanya kifo cha mdudu kiwe ndiyo namna pekee ya kumtetea.

Karatasi? Karatasi ilipatikana. Mkurugenzi alihamishiwa kazi nyingine, kubwa zaidi, kama wanavyohamishwa. Aliyekuja baada yake alipiga mhuri akiwa anaongea na simu, hakuuliza ndani kuna nini. Mama alitoka nje ya biro, akasimama chini ya jua na karatasi mkononi, akasema, "Ni hivi tu?" Hakuwa ananiuliza mimi. Sikuelewa kwa nini mtu aliyepata alichotaka afanane na mtu aliyepigwa.

Alimwita kwa jina la Marabo. Aliandika maelezo yake usiku na mchana, na Profesa akasoma na kusahihisha, na mwisho akapiga simu. Tulikuwa uani, Mama anakatakata sombe, kwa hiyo aliweka simu juu ya kinu ili sote tusikie.

"Maelezo ni mazuri," sauti ya Profesa ilisema. "Lakini kuna sentensi moja tuiondoe. Hii hapa: mfano wa kwanza uliliwa na sisimizi ukiwa umezuiliwa katika biro ya serikali ya jimbo, baada ya naftalini kuondolewa. Hiyo si sayansi, Madamu. Hayo ni mambo ya biro."

"Ndiyo ilivyotokea."

"Najua. Nakuonea huruma. Lakini watasema una chuki na mutu."

"Kuna jina la mutu hapo?"

Profesa aliutafuta ukurasa. Tukasikia anapindua karatasi. "Hapana. Lakini naona umeweka jina la sisimizi. Jina lote, ukoo na aina."

"Niliwachukua siku ile, nikawaangalia vizuri," Mama alisema, kisu kikiendelea juu ya majani. "Hao ni viumbe, Profesa, wanajulikana. Walikuwa na njaa, wakala. Wao nimewataja. Yule mwingine nimemuacha bila jina, na sentensi ibaki."

Ilibaki. Nimeiona kwa macho yangu, imechapishwa.